Waendeshaji na Mafundi wa Treni za Chini ya Ardhi za New York

Katika jiji la New York, treni ya chini ya ardhi inapowasili stesheni na kusimama, milango yake haifunguliwi kwa pupa. Kwanza kondakta, ambaye mahali pake ni katikati ya treni wala si mbele pamoja na dereva, hufungua dirisha la kibanda chake, akanyoosha kidole kuelekea ubao wenye mistari myeusi na myeupe ulioning'inizwa juu ya jukwaa, na akiisha kuhakikisha ya kwamba ubao huo umelingana naye barabara, ndipo anapoifungua milango. Abiria mgeni huiona ishara hiyo akastaajabu, asijue muradi wake. Lakini treni hizo aghalabu zina urefu wa mita 150 na zaidi, na treni ikisimama kabla ya kufika mahali pake, behewa la nyuma hubaki ndani ya handaki. Mlango ukifunguliwa huko, mtu aliyezama katika gazeti lake anaweza kutoka na kuanguka njiani, karibu na reli ya tatu inayopitisha umeme wa volti zipatazo 600. Desturi hiyo ya kunyoosha kidole asili yake ni kwa wafanyakazi wa reli wa Japani, na huko New York ilitiwa katika kanuni mwaka 1996, kwa kuwa ilitambulikana ya kwamba mkono ukishirikishwa na jicho akili haipati nafasi ya kusinzia.

Nimeanza na kidole cha kondakta kwa sababu kazi yote ya kuendesha na kutunza treni hizi imesimama juu ya vitendo vidogo vya namna hiyo, vinavyorudiwa usiku na mchana na watu ambao abiria hawawajui majina yao. Na historia ya jiji hilo inaonyesha dhahiri ni balaa gani huteremka pale vitendo hivyo vinapodharauliwa, na ni juhudi kiasi gani hutakiwa ili kuvirudisha.

Njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Leo kuna stesheni 472, mabehewa yapatayo 6,500, na reli za abiria ambazo urefu wake wapita kilomita 1,000. Na jambo lisilo la kawaida duniani ni kuwa treni hizo hazilali, bali hutembea saa zote 24, hata mafundi wa njia hulazimika kufanya kazi yao huku treni zikipita jirani. Mahandaki yalijengwa na kampuni mbalimbali kwa vipimo mbalimbali, na athari ya ushindani ule wa zamani ipo hadi sasa: mabehewa ya njia zenye namba ni membamba kuliko mabehewa ya njia zenye herufi, na behewa pana haliwezi kabisa kupita katika handaki jembamba. Kwa hiyo jiji moja lina makundi mawili ya mabehewa, na bohari zake hazina budi kuweka vipuri vya makundi yote mawili.

Dereva naye, kabla ya kutoka yadini, hupima breki, taa na honi, na kuhakikisha ya kuwa milango yote imefungwa. Mpini anaouendeshea katika mabehewa ya zamani haukubali kuachiliwa: yapasa aushike kwa kuukandamiza muda wote treni inapokwenda, na endapo atazimia au atafikwa na mauti akiwa kazini, mkono ukilegea tu, breki za dharura hufunga zenyewe. Pembeni mwa reli, penye kila taa ya ishara, upo mkono mfupi wa chuma. Taa ikiwa nyekundu mkono huo husimama, na treni ikithubutu kupita, mkono hugonga kifaa kilicho chini ya behewa, hewa iliyoshindiliwa katika bomba la breki ikatoka kwa kishindo, na treni ikasimama bila ya kungoja rai ya dereva. Katika mfumo huu hewa ikipungua bombani ndipo breki hufunga, hata bomba likipasuka kwa bahati mbaya, madhara yake ni treni kusimama, si treni kukosa breki. Naiona hii kuwa miongoni mwa fikra bora kabisa walizopata kuwa nazo wahandisi wa reli.

Hata hivyo, chombo hakiwi badala ya ustadi. Tarehe 1 Novemba 1918, madereva wa njia za Brooklyn walikuwa wamegoma, na kampuni iliyozimiliki, badala ya kusimamisha safari, ilimpa treni mtumishi wa kupanga zamu ambaye hakuwa dereva, aliyefunzwa kwa muda mfupi tu, na tena ndiyo kwanza ametoka kuugua homa kali ya mafua iliyokuwa ikiua watu duniani mwaka ule. Jioni ile, katika kona iliyo karibu na mtaa wa Malbone, mahali palipotakiwa mwendo usiozidi maili 6 kwa saa, treni iliingia kwa kasi mara kadha wa kadha ya hiyo; mabehewa ya mbao yakaacha reli, yakajibamiza kwenye ukuta wa handaki, na watu zaidi ya 90 wakafariki. Msiba ulikuwa mkubwa hata sehemu kubwa ya mtaa ule ikabadilishwa jina. Leo makona na miteremko mingi imewekewa ishara zinazopima mwendo, ambazo hubaki nyekundu, na mkono wa chuma hubaki umesimama, kwa kila ajaye kwa kasi iliyopita kiasi. Lakini mwanafunzi wa udereva bado hukaa miezi akijifunza kanuni, ishara, namna ya kutafuta hitilafu gizani na namna ya kuwatoa abiria handakini kwa salama, ndipo akabidhiwe roho za watu.

Basi tugeukie mabehewa yenyewe. Tangu 1904 mpaka 1948 nauli ilikuwa senti 5, wala haikubadilika hata baada ya vita kuu ya kwanza kupandisha bei ya chuma, ya makaa ya kuzalishia umeme, na ujira wa watu. Kwani mikataba iliifunga, na wanasiasa waliogopa kuigusa. Nauli rahisi ni neema kwa maskini, na simlaumu yeyote aliyeitetea. Kosa lilikuwa ni kuiacha nauli isitoshe bila ya kutafuta fedha mahali pengine pa kuziba pengo. Jiji lilizinunua kampuni mwaka 1940, likarithi pamoja na mahandaki ile tabia ya kuahirisha matengenezo. Jiji lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, ukaguzi uliopaswa kufanywa mapema ulicheleweshwa, mafundi wakapungua, na behewa likawa halitengenezwi mpaka liharibike njiani na abiria wake ndani.

Matokeo yake yalipimika. Kufikia mwaka 1981 wastani wa masafa ambayo behewa lilikwenda kabla ya kuharibika ulikuwa umeshuka chini ya maili 7,000. Milango ilikwama, taa zilizimika, magurudumu yalipiga kelele, na mabehewa yalikuwa yamechorwa rangi ndani na nje hata ramani za njia hazikusomeka. Watu wengi wa nje waliichukulia michoro ile kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe, ilhali ilikuwa dalili tu ya mahali pasipo na mwangalizi.

Richard Ravitch, aliyekuwa mwenyekiti wa mamlaka ya uchukuzi, aliwashawishi wabunge wa jimbo wakubali kukopa fedha kwa ajili ya matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 1982. Na David Gunn, aliyeshika uongozi wa treni mwaka 1984, alileta nidhamu. Amri yake juu ya michoro ilikuwa fupi: treni ikiisha kusafishwa, haitatoka tena na mchoro wowote, ikichorwa, irudi ioshwe kwanza. Tarehe 12 Mei 1989 treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa njiani. Lakini kubwa zaidi lilikuwa lile lililofanyika karakanani, ambako palianzishwa utaratibu wa kuliingiza kila behewa kwa ratiba baada ya miaka kadhaa, liharibike lisiharibike, na kubadilisha viungo vyake kabla ya umri wao kwisha. Mwenye jahazi katika pwani yetu angeuelewa utaratibu huo mara moja, maana yeye hukipandisha chombo mchangani msimu ukiisha, akakikalafati na kukipaka deheni, wala hangoji kivuje baharini. Kufikia miaka ya 2000 wastani ule wa maili 7,000 ulikuwa umepita 100,000.

Kwa watu wetu jambo hili si hadithi ya mbali, maadamu tangu mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma; na swali la vipuri, la mafundi na la bajeti ya ukaguzi ni bora liulizwe sasa, mabehewa yakingali mapya, kuliko kuja kuulizwa njiani treni imekwama.

Tukirudi New York, karakana kubwa za ufumuaji, yaani za kuyafungua mabehewa na kuyatengeneza upya, ni mbili, moja Coney Island katika Brooklyn na nyingine penye Barabara ya 207 kaskazini ya Manhattan. Ndani ya karakana hakuna reli ya tatu, kwa kuwa mafundi hupita chini na kando ya mabehewa; behewa likihitaji umeme, huunganishwa kwa waya mnene ushukao kutoka darini. Behewa linalofumuliwa hupulizwa kwanza kwa hewa ya nguvu ili kuondoa vumbi jeusi la chuma litokalo kwenye breki na reli, vumbi ambalo likijipenyeza katika vifaa vya umeme huleta hitilafu. Kisha mwili wa behewa hunyanyuliwa juu, na bogi zake, yaani vigari vya magurudumu vinavyolibeba, kila kimoja na ekseli zake mbili na mota zake, huviringishwa nje na kupelekwa kwa mafundi wa fani zao. Kipo pia kiatu cha chuma kinachotambaa juu ya reli ya tatu na kupokea umeme, ambacho hulika kwa msuguano kama viatu vya breki vinavyolika, na lazima kipimwe kila ukaguzi. Ukaguzi wa kawaida huja kila baada ya maili 10,000 hivi.

Magurudumu yana kadhia yake. Majani ya miti yanapoanguka katika majira ya kupukutika, njia zilizo wazi, kama zile za Brooklyn, hupakwa utelezi. Dereva akifunga breki gurudumu huacha kuzunguka likaburutika, na pale linapoburutika hupata bapa. Toka hapo kila mzunguko mmoja hupiga pigo moja, na mtu aliyezoea husikia dhahiri, du, du, du, chini ya sakafu, akajua ya kuwa behewa lile limeumia. Likiachwa, huitikisa mota, huvunja viungo na kuumiza reli. Kwa hiyo behewa hupelekwa juu ya mashine iliyozikwa sakafuni, ambayo hulikereza gurudumu bila ya kuling'oa, na fundi hana budi kuyakereza magurudumu mawili ya ekseli moja yalingane kipenyo, hata kama moja ndilo lililoumia na mwenzake mzima.

Milango nayo husumbua kuliko watu wanavyodhani. Treni ya mabehewa 10 yenye urefu wa futi 60 kila moja ina milango 80, na mmoja tu ukikataa kufunga treni nzima haiendi, kwa kuwa dereva hapati umeme wa kuondokea mpaka yote ifunge. Abiria anayeuzuia mlango kwa mguu wake ili mwenziwe awahi, anaikunja reli ndogo ambayo mlango hutelezea, na fundi wa yadi ndiye atakayeinyoosha usiku.

Jaribio kubwa la karne hii lilikuja tarehe 29 Oktoba 2012, tufani iliyoitwa Sandy ilipoipandisha bahari juu ya jiji. Jioni ya siku iliyotangulia safari zilisimamishwa, na watumishi wakayahamisha mabehewa kutoka yadi za bondeni kuyapeleka mahali pa juu. Maji ya chumvi yaliyajaza mahandaki yapitayo chini ya mto, yakala nyaya na ishara, hata baadhi ya matengenezo yakachukua miaka. Ila mabehewa karibu yote yalisalimika, kwa sababu watu waliyahamisha kwa hadhari kabla ya tufani. Peninsula ya Rockaway ilikatika na jiji, nayo ilipelekewa mabehewa 20 juu ya malori, yawasafirishe wakazi wakati njia inajengwa upya.

Mabehewa hayo 20 yalikuwa ya aina ya R32, yaliyoundwa na kampuni ya Budd, ambayo yalianza kazi mwaka 1964. Mwili wake wa chuma kisichoshika kutu ulisifiwa sana, na kwa haki. Lakini ndani ya mwili ule mota, breki, nyaya na bogi zilikuwa zimefumuliwa na kufumuliwa tena na vizazi vya mafundi, na mabehewa yaliacha kubeba abiria mwezi wa Januari 2022. Machi 2023 yalianza kazi mabehewa mapya ya aina ya R211, ambayo milango yake ina upana wa inchi 58 badala ya 50 ya kawaida, ili watu wapande na kushuka upesi na treni isikawie stesheni.