Shamba Lisilongoja

Siku za Majilio zimetufikia tena. Katika nchi yetu ya Mbozi hazihitaji kengele ya kuzitangaza, maana mawingu yatosha. Mwezi wa Novemba ukielekea mwisho, ngurumo husikika jioni, mvua za kwanza hulilaza vumbi la njia zetu, na alfajiri watu wa Mlowo huonekana wakienda mashambani na majembe begani. Hivyo kwetu sisi Kanisa laanza mwaka wake wakati ule ule mkulima aanzapo wake.

Tena ni wakati wa kungoja. Watoto wangoja nguo mpya. Baba angoja malipo ya pili ya kahawa, apate kununua mabati na kuwaandalia watoto vifaa vya shule. Bibi angoja wajukuu kutoka Mbeya au Dar es Salaam. Na kwa kuwa Krismasi i karibu, twayafungamanisha mambo haya yote na siku ile, hata yakawa kama furushi moja: Bwana atakapokuja, na haya yatakuja pamoja naye.

Walakini kila mwaka hapakosi nyumba ambamo lililongojwa halikuja. Malipo yalikawia, mgonjwa hakupona, msafiri hakurudi. Watu wa nyumba hizo huja kanisani pamoja nasi, husimama na kuimba, lakini mioyo yao imenyamaza. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tuketio karibu nao, twaandika maneno haya.

Tulimjua mama mmoja, jirani yetu hapa Mlowo. Mwanawe wa kwanza alikwenda Tunduma kutafuta kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya malori, kisha akavuka mpaka kuingia Zambia. Mwaka mmoja akaleta neno kwamba Krismasi atakuwa nyumbani. Akaomba wamwachie nusu ya shamba la mahindi, ile iliyo upande wa mto, ailime kwa mkono wake, na mbegu ataleta mwenyewe. Mama akafurahi sana. Akakipaka chumba cha kijana udongo mweupe, akanunua kitanda.

Mvua ikaja, majirani wakapanda. Mama yule akapanda nusu yake, nusu ya kijana akaiacha. Kila jioni alikwenda kusimama kando ya barabara kuu, mahali mabasi yatokayo Tunduma yashushapo watu. Hivyo alifanya juma la kwanza la Majilio, na la pili, na la tatu. Mahindi ya majirani yakachipuka. Katika ile nusu nyingine yakaota magugu.

Nasi twakiri kosa letu. Kila tulipompita barabarani tulimwambia, “Usiwe na shaka, mama, atakuja tu. Mungu ni mwaminifu.” Tulidhani twamfariji. Kumbe tulikuwa tumeitwaa ahadi ya kijana na kuitia muhuri wa Mungu. Mungu ni mwaminifu kweli, lakini hakuwa ameahidi basi la Jumamosi. Basi basi lilipopita bila kijana, mama alionekana amevunjiwa ahadi mbili, moja na mwanawe, moja na Mungu wake. Na hiyo ya pili tulimvunjia sisi kwa ulimi wetu.

Ikawa Jumapili ya tatu ya Majilio, zikasomwa habari za Yohana Mbatizaji alipokuwa gerezani. Wasomaji wazikumbuka. Mtu huyu alikuwa ametangaza jangwani kwamba Yule ajaye ana shoka na pepeto mkononi, naye atawahukumu waovu. Kisha Yule akaja, na mwovu Herode akabaki katika kiti chake, naye Yohana akatiwa kifungoni. Akawatuma wanafunzi wake kumwuliza Yesu kama ndiye hasa, au kama yafaa kumngoja mwingine. Hilo ni swali la mtu aliyengoja sana na kuona sivyo alivyotazamia.

Yesu hakumkemea Yohana kwa kuuliza. Wala hakuufungua mlango wa gereza. Aliwaambia wajumbe warudi wakamwarifu mambo waliyoyaona: vipofu na viwete na wenye ukoma wanaponywa, na maskini wanaletewa habari njema. Maana yake ni hii: kazi ya Mungu inaendelea, ijapokuwa haikupita mlangoni pako. Yohana akafa mle gerezani. Lakini hakufa bila kujibiwa.

Tulipotoka kanisani mama yule alikuwa kimya. Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, tulimwona akipita na jembe. Akaenda kwenye ile nusu ya shamba iliyoachwa. Akina mama watatu wa jumuiya yake wakamfuata, mmoja akamkopesha mbegu. Tulipomwuliza alitujibu kwa maneno machache: “Mvua hainingojei. Akija atakuta mahindi. Asipokuja, wadogo zake watakula.”

Kijana hakuja Krismasi ile. Mpaka leo tunapoandika hajarudi. Mama yule angali akienda barabarani jioni, na hatuthubutu kumwambia aache. Lakini shamba lile halikulala tena hata mwaka mmoja.

Jambo hili lilitukumbusha habari za wazee wetu wa Mbozi, ambao nao walipata Majilio ya namna hii, miaka mia moja na zaidi iliyopita. Wasomaji wengi wajua ya kuwa Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kwamba mwaka 1899 Traugott Bachmann alifungua kituo cha Mbozi katikati ya Wanyiha. Alijifunza lugha yao, na mwaka 1913 Agano Jipya la Kinyiha lilipigwa chapa. Wakristo wa Mbozi wakapata kitabu chao wenyewe, mwaka mmoja tu kabla ya vita kuu kuanza Ulaya.

Vita vile vikafika kwetu. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Edward Northey, yalivuka mpaka kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Wanaume wengi wakatwaliwa kuwa wapagazi; walichukua mizigo ya vita visivyo vyao, na wengi hawakuonekana tena makwao. Chakula cha mashamba kikaliwa na majeshi ya pande zote mbili.

Hata mwaka 1918 ukafika. Katika Oktoba Jenerali Lettow-Vorbeck na jeshi lake, waliokuwa wametoka Msumbiji, walipita pande zetu hizi, na mwanzo wa Novemba wakaishambulia Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na mahali uliposimama leo mji wa Tunduma. Kule Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba. Huku kwetu jeshi lile lilijisalimisha tarehe 25 Novemba, siku ya Jumatatu, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Na Jumapili iliyofuata, tarehe 1 Desemba 1918, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Hebu tulitafakari jambo hili. Amani imekuja Jumatatu, na Jumapili Kanisa laanza kumngoja Mfalme wa Amani. Yeyote aliyepata kumngoja mtu aliyetwaliwa vitani aweza kujua mioyo ilivyotazama njiani siku zile: wapagazi watarudi sasa, nasi walimu wetu watarudi, na Krismasi hii itakuwa kama zile za zamani.

Kilichokuja ni homa ya mafua, ile iliyoizunguka dunia yote mwaka ule. Iliingia Afrika ya Mashariki pamoja na watu na majeshi yaliyosafiri, ikaua wengi, vijana wenye nguvu kama wazee, wakati ule ule ambao watu walipaswa kupanda. Wamisionari nao hawakurudi Krismasi ile, wala iliyofuata, wala ile ya tatu. Serikali ya Kiingereza haikuwaruhusu Wajerumani kurudi katika kazi yao mpaka mwaka 1925.

Basi Kanisa la Mbozi lilifanya nini katika miaka ile? Kama lingesema, “Tungojee mpaka wenyewe warudi,” lingekuwa kama ile nusu ya shamba yenye magugu. Lakini halikuwa na wenyewe wengine ila wale waliokuwapo. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kuwakusanya watu, kufundisha na kuomba. Misheni ya Waskoti ya Livingstonia, kutoka Nyasa, iliwasaidia kwa uangalizi, lakini mzigo wa kila siku ulikuwa mabegani mwa wenyeji. Maandiko ya Kinyiha yalikuwa mikononi mwao. 

Wamisionari waliporudi baada ya 1925, hawakuhitaji kuanza upya kama watu walioingia msituni. Walikuta makusanyiko yaliyo hai. Na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Lakini tujihadhari hapa, tusije tukarudia kosa letu la barabarani. Tusiseme kwamba yote yalikuwa mema kwa sababu mwisho wake ulikuwa mwema. Mama aliyefiwa na mwanawe mpagazi hakulipwa mwanawe kwa kuwa Kanisa liliongezeka. Wale waliozikwa Desemba ile hawakuiona Krismasi, wala hawakuyaona makusanyiko ya leo. Machozi yao yalikuwa machozi ya kweli, na Mungu hakuyaita upungufu wa imani. Bwana wetu naye alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atakalotenda.

Basi tujifunze kupambanua mambo mawili ambayo siku za Majilio huyachanganya. Kutazamia ni kuweka jambo na siku yake: kijana atarudi Krismasi, malipo yatafika Desemba. Si dhambi kutazamia; bila hilo nani angelima? Bali tumaini la Mkristo halina siku tuliyoiandika sisi. Limemshika Mtu, yule aliyekuja Bethlehemu na atakayekuja tena. Matazamio yetu yaweza kuvunjika yote kumi, na Yeye akawa yu pale pale. Tena mara nyingi tunapomlilia kwa kuwa hakuja kwa njia tuliyomwekea, huwa amekwisha kuingia kwa njia nyingine, katika umbo la jirani mwenye mbegu za kukopesha.

Kwa nyumba zetu, basi, twatoa maneno machache. Mwaka huu mkikutana jioni kwa sala, mtajeni kwa jina yule asiyekuwapo, na lile jambo ambalo halikutimia. Msilifiche kana kwamba ni aibu. Zaburi nyingi zimeanza kwa malalamiko, nazo zimo katika Kitabu kitakatifu kama zile za shangwe. Mkimtembelea mwenye huzuni, msimwahidi ambalo Mungu hakuliahidi. Ni afadhali kuketi naye kimya, kumchotea maji, au kumshika mkono katika palizi.

Kwa walimu wa watoto twasema hivi. Msiwafundishe watoto kwamba wakiomba vema watapata nguo mpya. Waambieni jinsi watu wa Israeli walivyongoja mfalme mwenye majeshi, wakapewa mtoto mchanga aliyelazwa horini. Na jinsi Ana, katika uzee wake, alivyomtambua kwa sababu alikuwa amezoea kuwapo hekaluni kila siku, hata siku zisizokuwa na jipya. Mtoto akijifunza hilo mapema, siku itakapomvunja moyo hatadhani ya kwamba Mungu amekufa.

Na kwa kila mmoja wetu ambaye ana nusu ya shamba iliyolala kwa sababu ya mtu asiyerudi, au jambo lisilotimia, twasema kwa upole: ndugu, mvua imekuja. Huna haja ya kuacha kungoja. Nenda barabarani jioni, ukatazame njia. Lakini asubuhi uwe shambani. Bwana alisema heri watumwa wale ambao bwana wao ajapo atawakuta wakikesha, na yule atakayekutwa katika kazi aliyopewa. Ajapo, na atukute huko, miguu ikiwa na udongo na mbegu zikiwa mkononi.

Twawatakia nyote Majilio yenye amani, na hasa ninyi ambao mwaka huu mtaweka sahani moja pungufu.