Kipimo cha Mia Tano

Jioni, jua likishaanza kuzama, simama karibu na duka lolote la Mangi pale Manzese au Mbagala. Utaona watoto wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na noti yake mkononi na maagizo kichwani: mafuta ya mia tano, sukari robo, unga nusu, majani ya chai, kiberiti. Muuza duka anachovya kikopo kwenye ndoo ya mafuta, anamimina kwenye kikombe alichotoka nacho mtoto nyumbani, na mtoto anarudi akitembea polepole ili yasimwagike. Kesho jioni atakuja tena.

Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi, na kila bei za vyakula zinapopanda huulizwa swali moja: tupunguze nini? Wengi hutegemea niwaambie wapunguze nyama, au wanywe chai ya rangi. Mimi huanza na kile kikombe cha mafuta.

Siku moja nilimwomba binti wa jirani yangu anikabidhi kikombe chake kabla hajakipeleka jikoni. Nikayapima mafuta yake ya mia tano kwa kile kikopo kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, chenye mistari ya mililita. Yalikuwa mililita 60. Kwenye duka alikoyanunua, dumu la lita 5 liliuzwa shilingi 30,000. Nyumba ile hununua vipimo viwili kwa siku, cha mchana na cha usiku. Kwa mwezi wa siku 30 ni vipimo 60, yaani shilingi 30,000 kamili, bei ya dumu zima. Lakini vipimo 60 vya mililita 60 ni lita 3.6 tu. Fedha ni ile ile, na lita 1.4 haikufika jikoni. Kwa matumizi yao hayo ni mafuta ya siku 11 na ushee. Bei za mtaani kwako zitakuwa tofauti, basi weka zako. Hesabu ni hiyo hiyo.

Simlaumu muuza duka. Naye ana kodi ya fremu, ana mafuta yanayobaki kwenye kikopo na kwenye ndoo, ana muda anaoutumia kumhudumia mteja wa mia tano sawa na ule anaoutumia kwa mteja wa elfu thelathini. Biashara ya kupima ina gharama zake, na anayezilipa ni mnunuzi. Linaloniuma ni kwamba mnunuzi huyo ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Mwenye mshahara mnono anainunua lita kwa 6,000. Kibarua wa ujenzi, lita hiyo hiyo, akiikusanya kwa vikombe, imemgharimu zaidi ya 8,300.

Kwenye bei hizo pia ndipo watu wengi wanaposhindwa kuelewana na redio. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi kwamba mfumuko wa bei ni asilimia kadhaa. Mwaka 2022 wastani ulikuwa asilimia 4.3, mwaka 2023 ukawa 3.8, mwaka 2024 ukawa 3.1. Mama anasikia kwamba mfumuko umeshuka, anakwenda sokoni, anakuta hakuna kilichoshuka, anahitimisha kwamba anadanganywa. Hadanganywi, ila neno lenyewe halielezwi vizuri. Mfumuko ukishuka, bei bado zinapanda, ila kwa mwendo wa taratibu zaidi. Kitu kilichokuwa 2,000 kikapanda hadi 2,400 kimepanda kwa asilimia 20. Mwaka unaofuata kikifika 2,472 kimepanda kwa asilimia 3, na takwimu zitasema hali imetulia. Lakini ile 2,000 hairudi.

Jambo la pili ni kapu lenyewe. Kapu la bidhaa na huduma linalotumika kupima mfumuko linabeba pia kodi za nyumba, nauli, mavazi, simu na mengineyo. Chakula ni zaidi kidogo ya robo yake. Nyumba ya mtu wa kipato cha chini haifanani na kapu hilo, kwa kuwa nusu ya fedha yake au zaidi inaishia tumboni. Mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, aliliandika hili mwaka 1857: kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa hiyo mchele ukipanda, asilimia ya taifa husogea kidogo na chungu cha Mbagala husogea sana. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Baadhi ya sababu za kupanda kwa bei ziko nje ya uwezo wa nyumba yoyote. Tanzania haizalishi mafuta ya kula ya kutosha mahitaji yake, hivyo Indonesia iliposimamisha kusafirisha mawese Aprili 2022, huku vita vya Ukraine vikiwa vimeshavuruga alizeti ya Bahari Nyeusi, kikaango cha Tandika kililijua hilo. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika. Hayo hayazuiliki kwa kibubu. Kinachowezekana ni kuamua unanunua kwa kipimo gani, na msimu gani.

Kwenye nafaka ndiko kuna nafuu kubwa zaidi, na pia hatari kubwa zaidi, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, mikoa kama Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Njombe na Iringa, huvunwa zaidi kati ya Mei na Agosti. Mchele mpya wa Kyela na Mbarali nao huingia sokoni kipindi hicho. Bei hulegea miezi hiyo, kisha hupanda taratibu hadi kwenye miezi ya Desemba, Januari na Februari, wakati ambapo kuna ada na sare za shule. Anayenunua unga kilo kilo hununua mwaka mzima kwa bei ya siku. Anayepata gunia mwezi Julai ameinunua Januari kwa bei ya Julai.

Gunia la kilo 100 ukilikoboa utapata sembe kilo 70 hadi 80. Kinachobaki ni pumba. Ukilisaga dona, karibu lote ni chakula, tena chenye nyuzinyuzi na vitamini za kundi B ambazo mashine ya kukoboa huziondoa. Kwa nyumba ya watu watano wanaosonga ugali mara moja kwa siku, tofauti hiyo ni takribani wiki tatu za ugali. Dona haikai muda mrefu kwa sababu kiini cha punje kina mafuta, na mafuta huchacha. Basi usisage gunia zima. Peleka mashineni debe moja moja, na ukitaka ladha ya sembe siku ya wageni, nunua kilo yako ya sembe.

Sasa hatari. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutengeneza sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Ukambani, baada ya kula mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 tulizika watu wetu Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo hiyo. Bei rahisi ya mahindi mabichi si bei rahisi. Kabla ya kununua, fanya kipimo cha chupa: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje kiasi cha robo ya chupa, ongeza chumvi kavu vijiko vichache, funika, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Ikianguka yote chini, yamekauka. Ukishayapata makavu, yaweke kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya kichanja, mbali na ukuta. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, na huhitaji dawa. Punje zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu au ukungu, zichambue utupe. Usiwape kuku. Na karanga uzitazame kwa jicho hilo hilo.

Sokoni kuna vipimo vingine vya kuangalia. Pale Tandale mchele na maharage huuzwa kwa kilo na kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4. Sado si mizani. Tazama kitako chake: kikiwa kimebonyezwa kwa ndani, umepunguziwa kabla hujaanza kujaziwa. Tazama mkono wa muuzaji: anayezungusha kiganja kwenye mdomo wa kopo hujenga mlima, anayemwaga haraka huacha mapengo. Ukiweza, mwombe aweke kwenye mizani, na uangalie kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Kuomba kupimiwa si ugomvi, ni haki yako.

Najua swali linalofuata: hela ya dumu au gunia itatoka wapi kwa mtu anayelipwa kutwa? Ni swali la haki, na mshauri asiyelijibu anamdhihaki msikilizaji. Hakuna anayeanza na gunia. Anza na kitu kimoja kisichooza na kisicho ghali: chumvi, sabuni ya mche, majani ya chai. Toa mia tano kwa siku kwenye kibubu mpaka ununue pakiti kubwa. Mwezi huo hutatoa hela ya kitu hicho dukani, na ile iliyobaki ndiyo mtaji wa kitu cha pili. Mafuta yatafuata, kisha sukari. Ukifika kwenye nafaka, tafuta wenzako. Akina mama wana upatu na vikoba tayari. Kinachotakiwa ni mzunguko mmoja uwe wa chakula badala ya fedha. Nyumba nne zikichangia gunia moja la mchele, kila nyumba inapata kilo 25 kwa bei ya jumla, na nauli ya bajaji inagawanywa kwa nne.

Kuna mtego ambao nimeuona ukiangusha wengi. Dumu likiingia jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Lile la mwezi na zaidi linaisha wiki ya tatu, na mtu anasema afadhali kupima. Dawa yake ni kuendelea kupima, ila nyumbani. Kila asubuhi mimina mafuta ya siku kwenye kichupa, funga dumu, liweke kabatini. Dukani kipimo kiwe kikubwa, jikoni kibaki kile kile kidogo.

Mkaa nao huuzwa kwa kopo, na huumiza vile vile. Uokoe kwa namna unavyopika: maharage ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake, yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Usiyaweke jikoni makavu. Pika ya siku mbili kwa moto mmoja, na ya siku ya pili uyachemshe vizuri kabla ya kula.

Kuhusu kupunguza, nitasema neno moja. Ukilazimika, punguza sukari, soda na maandazi ya dukani. Usiguse chakula cha mtoto aliye kati ya miezi sita na miaka miwili, wala cha mama mjamzito au anayenyonyesha. Udumavu wa umri huo haurekebishiki baadaye kirahisi. Dagaa waliokaushwa, waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto ni kitoweo kamili, na huhitaji jokofu kuwahifadhi.

Namalizia na walioshika fedha za nyumba, ambao mara nyingi ni akina baba. Wapo wanaolipwa kutwa, nao hawana la kufanya ila hilo la kibubu. Lakini wapo wengi wanaolipwa kwa wiki au kwa mwezi, na bado kila asubuhi wanaacha elfu tano mezani. Hela ikitoka vipande vipande, chakula kitanunuliwa vipande vipande, na mama wa watu atalaumiwa kwamba haitoshi. Mzee, hatuombi uongeze hata shilingi. Jumatatu hii acha 35,000 za wiki nzima, kaeni mpange pamoja, na mtoto asitumwe tena dukani na kikombe.