Je, Wajua? Mistari ya kioo cha nyuma hukatwa na mzigo

Jumamosi, mnada wa vyungu vya Ikombe ukiisha pale Lyulilo, wilayani Kyela, magari madogo huondoka yamejaa hadi dari. Mvua ikinyesha njiani kupanda Tukuyu, kioo cha nyuma hujaa ukungu na swichi ya kukipasha joto haisaidii kitu. Wengi husema fyuzi imeungua. Kweli, anza na fyuzi na rilei, ni kazi ya dakika mbili. Lakini ile mistari myembamba ya kahawia inayopasha joto imebandikwa upande wa ndani wa kioo, na ukingo wa chungu kimoja tu unatosha kuukwangua mmoja ukakatika.

Kuutambua mstari uliokufa ni rahisi. Washa swichi kioo kikiwa na ukungu: mistari mizima husafisha njia yake, ule mbovu hubaki na utepe mweupe. Kisha tumia mita ya umeme. Waya hasi uguse bodi, waya chanya utembeze taratibu juu ya mstari. Kwenye mstari mzima volti hushuka polepole kutoka kama 12. Kwenye uliokatika hubaki juu; zinapoanguka ghafla hadi sifuri, hapo ndipo palipokatika.

Zima umeme, safisha kwa spiriti, bandika utepe juu na chini ya mstari, paka rangi ya fedha inayopitisha umeme, acha ikauke siku nzima. Tafadhali usikwangue kioo hicho kwa wembe.

Hayo ni ya kioo cha nyuma. Ukungu ukiwa nje ya kioo cha mbele, jambo la kawaida kwenye joto la Kyela, kiyoyozi ndicho kimekipoza mno: punguza baridi, washa waipa.