Je, Wajua? Leza nayo hutoa eksirei

Ukipigwa eksirei katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, Pemba, umeme wa makumi ya maelfu ya volti hurusha elektroni zikagonge chuma cha tangsteni. Takriban asilimia 1 tu ya nishati hiyo huwa eksirei. Iliyobaki ni joto tupu. Hasara iliyoje!

Ipo njia nyingine. Mpigo wa leza, mfupi kuliko sehemu ya trilioni ya sekunde, ukilengwa kwenye kibati chembamba hung'oa elektroni zake na kuzikimbiza karibu na kasi ya mwanga. Zikipindishwa na atomi za kibati hicho hicho, hutoa eksirei kali. Ufundi wa kukuza mipigo hiyo, wa mwaka 1985, uliwapa Donna Strickland na Gérard Mourou nusu ya Nobeli ya Fizikia ya 2018.