Maji Meusi na Maji ya Kijivu: Usafi wa Matangi ya Gari-nyumba

Huko Marekani, gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo, kwa kawaida huwa na matangi mawili ya uchafu. Maji meusi ni yale ya choo. Maji ya kijivu hutoka jikoni na bafuni. Mfasiri akiyaita yote «maji machafu», humficha msomaji jambo kubwa, kwani kazi ya kuyamwaga nyumbani hutegemea tofauti hiyo.

Valvu ya tangi jeusi hufungwa hadi tangi lijae kiasi cha theluthi mbili. Ikiachwa wazi, maji hutoka peke yake na kinyesi hubaki chini, kikakauka. Siku ya kumwaga, mwenye gari huvaa glovu, huunganisha mpira na bomba la maji taka la nyumba, kisha hufungua tangi jeusi kwanza. La kijivu hufuata, ili maji yake ya sabuni yaoshe mpira. Mwishowe tangi jeusi husuuzwa kwa mpira mwingine, usiotumika kamwe kwa maji ya kunywa.

Nyumba yenye fosi septiki huhitaji hadhari zaidi. Humo bakteria ndio wanaoozesha kinyesi, na dawa ya choo yenye formalini huwaua. Hapo uchafu mzito hupita nje, huziba udongo unaochuja maji, na maradhi yaweza kufikia kisima. Basi dawa hiyo iepukwe tangu safarini.