Kuwahesabu Ndege Mbuai Wahamao: Nafasi ya Vilima vya Bunda (Sehemu ya Pili)

Ndege mbuai, yaani ndege wawindaji wenye mdomo uliopinda na kucha kali, kama vile tai, mwewe, kozi na shakivale, ni wagumu sana kuhesabiwa huko wanakozaliana, kwa sababu kila jozi hujitengea eneo kubwa la kuwindia na viota vyao hutawanyika katika nchi zisizofikika kwa urahisi. Tai wa nyika (Aquila nipalensis), kwa mfano, huzaliana kuanzia kusini mwa Urusi na Kazakhstan hadi Mongolia, na hakuna taifa lenye watafiti wa kutosha kuipekua nchi yote hiyo kila mwaka. Lakini majira ya baridi yanapokaribia, ndege hao hao huelekea kusini wakapita katika njia chache nyembamba, na hapo watu wawili waliokaa juu ya mlima wakiwa na darubini huweza kuona katika wiki chache kile ambacho msafara mzima wa watafiti usingekiona kwa miaka. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza uhamaji wenyewe. Sehemu hii inahusu namna hesabu inavyofanywa, na kwa nini vilima vya Bunda vinastahili kufikiriwa.

Sababu ya kuchagua mlima inatokana na jinsi ndege hawa wanavyosafiri. Ndege mzito mwenye mabawa mapana hawezi kupiga mabawa kwa maelfu ya kilometa, kwa kuwa angemaliza mafuta ya mwili wake kabla ya kufika. Badala yake huelea, yaani hutafuta hewa inayopanda, hupanda nayo kwa kuzunguka, kisha hunyoosha mabawa na kuteleza huku akishuka polepole hadi apate hewa nyingine ya kumwinua. Hewa hiyo hutokea kwa njia kuu mbili: ama jua huipasha ardhi joto na hewa iliyo juu yake ikainuka, ama upepo hugonga ubavu wa mlima ukakosa pa kupita ila juu. Maji hayapati joto upesi kama ardhi, hivyo mchana hewa iliyo juu ya bahari au ziwa kubwa haiinuki vya kutosha, na ndege aeleaye hukwepa kuvuka. Ndiyo maana tai wanaotoka Asia hukusanyika kwenye mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ambapo mwaka 1987, katika majuma machache ya Oktoba na Novemba, walihesabiwa ndege mbuai zaidi ya 240,000, wakiwamo tai wa nyika zaidi ya 76,000.

Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilometa za mraba 68,800, ni kizuizi cha namna hiyo hiyo katikati ya Afrika Mashariki. Ndege aeleaye anayeshuka kutoka kaskazini akayakuta maji hayo hana budi kuyazunguka, ama kwa magharibi, upande wa Uganda, ama kwa mashariki, ambako uko mkoa wa Mara. Bunda imekaa mahali ambapo Ghuba ya Speke inaingia ndani ya nchi kavu hadi kukaribiana na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Mlima Balili, ulio ubavuni mwa mji, unatazama ghuba upande mmoja na mbuga upande wa pili. Mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko ziwa, upepo wa ziwani huvuma kuelekea barani na kugonga miteremko iliyoelekea magharibi, hivyo jua na upepo hufanya kazi pamoja mahali pamoja. Kwa sifa hizo Balili inafaa kuwa kituo cha kudumu cha kuhesabia, na anayepanda huko hana sababu ya kutarajia ndege wakubwa kabla ya ardhi kupata joto la kutosha.

Hesabu yenyewe ina kanuni zake, na mtu asiyezifuata hupata tarakimu zisizo na maana. Ndege wanapozunguka ndani ya hewa inayopanda hawahesabiwi, kwa sababu hupishana na kurudi, na mmoja huweza kuhesabiwa mara tatu. Mhesabuji husubiri hadi wafike juu na kuanza kuteleza mmoja nyuma ya mwingine, ndipo huwahesabu wanapovuka mstari aliouchagua angani, kwa mfano kati ya kilele fulani na mnara fulani. Huku mmoja akitazama, mwingine huandika, na kila saa huandikwa pia mwelekeo wa upepo, kiasi cha mawingu na umbali unaoonekana. Saa ambayo hakupita ndege hata mmoja nayo huandikwa, maana ndege 300 katika saa 5 si sawa na ndege 300 katika saa 50.

Ugumu mkubwa zaidi kwa Bunda ni kumtenga mgeni na mwenyeji. Serengeti ina tai wake (Aquila rapax) ambaye hakai kwa msimu bali mwaka mzima, na kwa umbo na rangi anafanana mno na tai wa nyika. Akitazamwa kwa karibu, tai wa nyika huonekana ana ukingo wa njano wa mdomo uliorefuka hadi usawa wa nyuma ya jicho, ilhali wa mwenyeji huishia karibu na katikati ya jicho. Alama hiyo haionekani kwa ndege aliye juu sana, na hapo mhesabuji hutazama chini ya bawa: tai wa nyika aliye mchanga ana mstari mpana mweupe unaokata bawa kwa urefu, na mstari huo huonekana hata kwa mbali. Mwewe nao wana shida yao, kwa kuwa mwewe wa Afrika mwenye mdomo wa njano huzungukazunguka kwenye mialo ya ziwa akitafuta samaki, wakati binamu yake wa Ulaya, mwenye mdomo mweusi, yumo safarini. Ndege anayeshindikana kutambuliwa huandikwa kuwa hakutambuliwa, na daftari lisilo na ndege wa namna hiyo halina budi kutiliwa shaka.

Kumtambua ndege mchanga si pambo la kitaalamu. Huko Pennsylvania, Marekani, Rosalie Edge alikodisha mlima mwaka 1934 ili kuwazuia wawindaji waliokuwa wakiwapiga risasi ndege mbuai kwa mamia wanapopita, akamweka Maurice Broun kuulinda, naye Broun akaanza kuwahesabu ndege kila msimu. Mlima huo leo unajulikana kama Hawk Mountain. Kati ya mwaka 1935 na 1939, tai wachanga walikuwa kama asilimia 40 ya tai weupe kichwani walioonekana pale; kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20 tu. Tai wakubwa walikuwa bado wanapita, hivyo aliyetazama jumla peke yake angeweza kudhani mambo ni salama, lakini daftari lilionyesha kuwa vifaranga hawapatikani. Mwanasayansi Rachel Carson aliziweka tarakimu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu madhara ya viuatilifu, na miaka 10 baadaye Marekani ikapiga marufuku matumizi mengi ya DDT.

Mfano huo unaigusa Mara moja kwa moja. Tai wa nyika, ambaye tangu mwaka 2015 amewekwa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka, akifika Afrika hula chakula kisicholingana kabisa na ukubwa wake: mvua za vuli zinapoamsha kumbikumbi, ndege huyo wa kilo mbili hadi nne husimama chini kwenye kichuguu akiwaokota mmoja mmoja. Kozi wa Amur (Falco amurensis), mwenye uzito wa gramu 150 hivi, ambaye huvuka Bahari ya Hindi akitokea India, naye hufuata wadudu wa mvua hizo hizo. Ndege wa aina hii hula kile ambacho shamba na mbuga vimekila, na pale dawa ya fenthioni inaponyunyizwa kuua makundi ya kwelea kwelea kwa ajili ya kuokoa mtama na mpunga, mbuai anayeokota kwelea aliyelewa sumu hufa naye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliolinganisha hesabu za zamani na za karibuni katika savana za Afrika, ulikuta kwamba kati ya aina 42 za ndege mbuai, asilimia 88 zimepungua.

Ni lazima isemwe pia kwamba kilele cha mlima hakioni kila kitu. Kozi wa Amur na wenzake wenye mabawa membamba hupiga mabawa kwa nguvu na hawaogopi maji, hivyo hupita popote. Tarakimu za Balili zingekuwa ushahidi mzuri kwa tai na shakivale, na ushahidi dhaifu kwa kozi. Vilevile mwaka mmoja hautoshi, kwa kuwa mvua ikiwahi au upepo ukibadilika, ndege huweza kupita kilometa 20 mashariki, juu ya mbuga, bila mtu wa Bunda kuwaona. Inahitajika misimu kadhaa, mahali pale pale, kwa saa zile zile, kuanzia Oktoba hadi Desemba wanaposhuka, na kuanzia Februari hadi Aprili wanaporudi. Watu wa kuifanya kazi hiyo hawako mbali: Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ina kituo Serengeti, chuo cha wanyamapori cha Pasiansi kiko Mwanza, na shule za sekondari za Bunda zina vijana wenye macho makali ambao wakifundishwa alama nne au tano za kila ndege wataweza kujaza daftari kwa uaminifu. Vifaa ni darubini mbili, saa, fomu zilizochapwa na kivuli cha kujikinga na jua.

(Itaendelea: alama za kuwatambua shakivale na tai wadogo wakiwa angani.)