Kifuko Kichwani: Tusiulize Ukubwa Tu, Tuulize Kiko Wapi

Jumapili moja baada ya ibada hapa Majengo, mwenzetu mmoja wa kwaya alitufuata akiomba dawa ya kichwa. Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imeanguka tangu Ijumaa. Wengine walimwambia amepigwa na upepo, wengine wakamshauri anunue dawa ya macho. Tulipoinua ile kope tuliona mboni imepanuka kuliko ya jicho la pili. Hatukumpa kidonge. Tulimpeleka hospitali ya rufaa siku ile ile.

Picha ilionyesha kifuko cha damu kwenye mshipa wa ubongo, ambacho madaktari hukiita anyurizimu. Upana wake ulikuwa milimita 6. Mume wake alishusha pumzi akasema, "Kumbe ni kadogo!" Hapo ndipo wengi tunapokosea, ndugu msomaji.

Sisi wa Kilimanjaro tunaijua mifereji. Ukingo haubomoki popote tu, bali hasa pale mfereji unapogawanyika, maji yanapougonga kila siku. Kichwani ni vivyo hivyo. Chini ya ubongo mishipa ya damu huungana kama pete, ambayo Mwingereza Thomas Willis aliieleza mwaka 1664. Kwenye njia panda za pete hiyo ndipo ukuta wa mshipa hudhoofika na kutuna.

Njia panda hizo hazina hatari sawa. Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, Kanada na Ulaya. Kwa watu ambao hawajawahi kuvuja damu kichwani, vifuko vya chini ya milimita 7 vilivyokuwa mbele havikupasuka kwa miaka 5. Lakini vya ukubwa huo huo vilivyokuwa nyuma, au kwenye mshipa unaounganisha mbele na nyuma, vilipasuka kwa watu kati ya 2 na 3 katika kila 100. Kwa vifuko vya milimita 7 hadi 12, mbele ilikuwa karibu 3 katika 100, nyuma zaidi ya 14.

Hata mbele pasituletee usingizi. Utafiti wa Japani wa mwaka 2012 uligundua kwamba kifuko kilicho katikati ya paji, mishipa ya pande mbili inapounganishwa, hupasuka karibu mara mbili ya kile kilicho pembeni.

Kifuko cha mwenzetu kilikuwa kwenye ule mshipa wa kuunganisha. Jirani yake hupita neva inayoinua kope na kubana mboni. Kope ilianguka kwa sababu kifuko kilikuwa kinaibana neva hiyo, na hiyo ni dalili kwamba huenda kiko karibu kupasuka.

Wapendwa, tusiogope kupita kiasi. Watu wazima wapatao 3 katika 100 wana kifuko cha namna hii, wanawake zaidi ya wanaume, na vingi havipasuki kamwe. Vingine daktari huviangalia tu kwa picha. Vingine hubanwa shingoni kwa kibanio, au huzibwa ndani kwa nyuzi laini za madini zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kwa hiyo ukiambiwa una kifuko, uliza maswali mawili: kina ukubwa gani, na kiko wapi?

Mahali kilipo hatuwezi kupahamisha, ila presha na sigara tunaviweza. Wilayani Hai, jirani zetu, utafiti ulikuta karibu wazee 7 katika kila 10 wenye miaka 70 na zaidi wana shinikizo la damu. Tupime, na tusiache dawa kwa sababu tunajisikia vizuri.

Maumivu ya kichwa yakija ghafla kama radi, makali kuliko yote uliyowahi kupata, pamoja na shingo kukakamaa, kutapika au kuzimia, usisubiri kuche. Kope ikianguka ghafla, vivyo hivyo. Hapa Moshi tunayo KCMC, na kwa upasuaji wa ubongo iko MOI, Muhimbili.

Mwenzetu alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Kope ilichukua miezi kurudi mahali pake. Sasa anaimba tena sauti ya pili, na kila mwezi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono tunapoleta kipimo cha presha.